Mwembamba Kliniki, Mnene Mtaani

Jumatatu, tarehe 4

Mwanangu amefunga futi ya kupimia nguo kwenye mguu wa cherehani, akaivuta kama anaburura mbuzi mkaidi. Futi ya kitambaa, ya zamani. Nimemnyang'anya, amelia, nimemrudishia, amevuta tena. Halafu nikajipima kiuno. Thelathini na saba. Jana kilikuwa thelathini na tisa! Futi imenyumbuka, mimi nimepungua.

Mwezi uliopita nesi alinipongeza: dawa nameza vizuri, virusi vimelala. Ila kiuno kinatanuka na sukari iko mpakani. Nipunguze chai tamu, nitembee nusu saa kila siku. Sukari ikivuka, naongezwa kidonge kingine.

Nikaitikia ndiyo dada. Lakini nitakondaje? Kabla ya dawa nilikonda, na benchi la bombani likawa langu peke yangu. Leo jirani anasema nimenawiri, ananiazima ungo wake. Nikikonda tena, ungo utarudi kwao.

Kwa hiyo mtaani niwe mnene, kliniki mwembamba. Futi ndiyo jibu.

Jumanne, tarehe 5

Fundi mkuu wa kibanda ninachoshonea ametafuta futi yake siku nzima. Nimesema sijaiona. Kwa hofu nimekunywa chai ya vijiko vinne. Mwanangu amekunywa nusu, kwa hiyo ni viwili.

Baba yake amepiga simu kutoka huko kazini. Habari za virusi anazijua tangu mwanzo. Za sukari nilikuwa bado nazipanga mdomoni. Ameuliza mtoto, ameuliza mvua, simu ikakatika. Nimekaa nayo sikioni kidogo, kama inaweza kuendelea yenyewe.

Alhamisi, tarehe 7

Nimekwenda kliniki na njaa, kama walivyoagiza kwa ajili ya damu. Nimempa nesi futi kama zawadi, maana ya kwake imefutika namba. Amefurahi.

Mbele yangu kwenye foleni alikuwa Mama Mwavuli, anayekuja na mwavuli hata pasipo mvua wala jua. Mpinzani wangu. Kila mwezi anasifiwa kwa kupungua, eti tumuige. Futi yangu ikampunguza inchi mbili zaidi! Akapigiwa makofi. Kisu nimekinoa mwenyewe.

Foleni nzima ikapungua. Nesi akajizungushia futi kiunoni kwake, akatabasamu. Halafu akaitandaza kando ya rula ya ukutani. Akaniuliza nafanya kazi gani. Nikasema nauza mboga. Sindano tatu za kushonea zilikuwa zimechomekwa kifuani kwangu, na uzi.

Hakunigombeza. Alisema damu haipimwi kwa futi, akanionyesha karatasi. Sukari imevuka.

“Mdogo wangu,” akasema, “unamdanganya nani? Mimi, au huyo uliyembeba mgongoni?”

Huyo wa mgongoni alikuwa anatafuna kadi yangu ya kliniki.

Nje, Mama Mwavuli alikuwa ananisubiri. Nikajua amekuja kunicheka. Kumbe naye alipoanza kupungua, mtaani kwao walinong'ona, mpaka dada yake akaacha kumletea watoto. Ndiyo maana ya mwavuli, kufichia uso. Hutembea kila asubuhi peke yake. Akasema barabara ni ndefu mno ukiwa huna wa kusengenya naye. Tukacheka. Akauliza ninakaa wapi, nikamwelekeza mpaka rangi ya mlango. Sikumbuki mara ya mwisho mtu kuniuliza hivyo.

Jumamosi, tarehe 9

Kidonge kipya nimekimeza baada ya kula. Chai bila sukari ni maji ya kusuuzia sufuria. Mwanangu ameonja, amenirudishia kikombe kwa huruma.

Nimewaza sana. Nesi amesema kweli. Kudanganya kliniki ni kujichimbia shimo. Nimekoma kabisa. Kuanzia leo nadanganya mtaa tu.

Nitatembea. Nitapungua. Sukari ishuke, nimwone huyu akivaa sare ya shule niliyoishona kwa mikono yangu. Na mtaa usijue kitu: nashona gauni la ndani la pamba, mito miwili ya nyonga na mmoja wa nyuma. Nyonga ya kulia iko tayari, nene, ya heshima. Nimejitazama kwenye kioo, nimeinama upande mmoja kama kabati lililovunjika mguu. Hodi mlangoni. Ni Mama Mwavuli, ananiita, shoga toka twende jua halijawaka, nami nyonga ya kushoto hata sija—