Jina la Mama Mkwe Kwenye Bahasha

Jumanne, 4 Machi 1969

Nelima ameenda kwao Kimilili. Leo siku ya tano. Kisa ni bahasha. Mimi ndiye karani wa chama chetu cha kununua shamba, bahasha zote naandika mimi. Ile ya kutuita tukaonyeshwe ploti yetu kule Soy niliandika Bw. Wepukhulu, basi. Nelima akaisoma, akauliza yule mwanamke aliyepalilia mahindi ya watu misimu miwili ili tupate hisa yuko wapi. Nikamjibu jina la mume linatosha. Ujinga gani huu. Alifunga nguo zake kwa leso akapanda basi la asubuhi.

Ploti tutaonyeshwa tarehe ishirini na mbili. Sitaki kusimama pale peke yangu kama mlingoti wa simu.

Nina mpango. Nawaandikia wazazi wake. Mzungu aliyetuuzia shamba aliacha kijitabu cha adabu za barua. Kinasema ukiandikia mume na mke, mama asisahaulike, jina lake lifuate la mzee. Wilson Nyongesa, karani mwenzangu, mtu wa kwao Nelima, ananiambia niandike jina la mzee tu. Wivu. Mwandiko wake ni kama kuku amepita.

Bahasha: Mzee Murunga na Virginia. Wino wa buluu. Imependeza.

Jumatatu, 10 Machi

Wilson amerudi kutoka kwao Kimilili akicheka tangu mlangoni. Kule barua hufikia sanduku la kanisa, na mwalimu wa kanisa husoma majina baada ya ibada. Jana aliinua yangu juu. Akasoma jina la mzee, jina la mama, na kwamba imetoka kwa mkwe wao Wepukhulu.

Kanisa zima likamgeukia mama. Mkwe amemtaja mama mkwe kwa jina, na kwetu huo ni mwiko. Mimi, ambaye nikimwona njiani naingia kichakani! Nilijua jina halitamkwi. Kwamba haliandikwi pia, kijitabu hakikusema.

Mama alijifunika kitambaa akatokea mlango wa nyuma. Mzee anataka niombe msamaha kwa blanketi, na Nelima hatoki pale mpaka mama yake aridhike.

Nimekula ugali kwa chumvi. Chumba chetu kimoja kimekuwa kikubwa sana.

Alhamisi, 13 Machi

Blanketi nimenunua, zito, la mistari myekundu. Sasa barua ya msamaha. Siwezi kumtaja mama. Siwezi pia kumwacha nje, maana kumwacha mke nje ndiko kulikonifikisha hapa. Nimekaa na kalamu tangu chai ya saa nne.

Halafu ikanijia: Mzee Murunga na Yule Nisiyeweza Kumtaja. Heshima imetimia. Nimempa Wilson aipeleke pamoja na blanketi, mkononi kabisa, isipite kanisani. Ameapa.

Jumatatu, 17 Machi

Wilson si mtu. Ameipitisha kanisani. Mwalimu aliisoma mara mbili, ya pili kwa kuombwa. Watu wakacheka mpaka mchungaji akakaa chini.

Lakini aliyecheka kuliko wote ni mama mkwe mwenyewe, blanketi mapajani. Alisema mwanamume wa akili hiyo haachwi peke yake, atajiunguza na chai. Sijui nifurahi au nijifiche.

Ijumaa, 21 Machi

Nelima amerudi. Nilimkuta jioni akifagia. Nikamuuliza kama basi lilijaa. Akasema lilijaa. Nikampa bahasha mpya niliyoandika jana: Wepukhulu na Nelima. Aliishika kwa muda, akapitisha kidole juu ya jina lake. Akasema ndani hamna kitu. Nikasema najua. Ameiweka ndani ya Biblia.

Nimemwambia wazi kwamba nyumba haikaliki bila yeye. Sikuona haya.

Jumamosi, 22 Machi

Tumeonyeshwa ploti. Mwenyekiti, Mzee Kimeli, aliita majina yetu yote mawili, kwa kuwa orodha niliandika mimi. Nelima alivua viatu akatembea kona hadi kona. Kwenye kona ya mwisho akaniambia ana mimba ya miezi mitatu, na mtoto akiwa msichana ataitwa jina la mama mkwe wangu. Nilikaa chini kwenye nyasi. Tulikaa sote mpaka mvua ikatufukuza.

Wakwe lazima waandikiwe leo hii. Ila bahasha zimenitesa vya kutosha. Nina mpango: postikadi. Haina bahasha, kwa hivyo hakuna pa kukosea. Mahali pa anwani nimeandika Mzee Murunga peke yake, vile Wilson alinishauri tangu mwanzo. Upande wa pili nimeandika kwa herufi kubwa, mzee aone bila miwani: MTOTO TUTAMWITA VIRGINIA.

Nimeiposti mwenyewe. Nelima sijamwambia, nataka ashtukie tu habari imefika kwao. Jumapili ijayo itakuwa kanisani, mwalimu akiiinua juu.