Mwalimu wa Hesabu na Korido Isiyo na Watu

Sogeeni, enyi mlioketi nanyi mliosimama, wekeni simu chini mtege masikio, niwahadithie jinsi alivyoivuka korido Mwalimu wa Hesabu, Mfalme wa Chaki, Mtikisa Madawati, ambaye kikohozi chake tu hunyamazisha shule nzima.

Shule ilikuwa imefungwa. Mchana kweupe, jua la utosi, shujaa alisimama mlangoni, na mwisho wa korido, katika ofisi ya walimu, alikuwa amesahau chupa ya chai aliyozawadiwa harusini na mama mkwe. Naye mama mkwe, jamani, alikuwa njiani kuja, na hakosi kuiulizia.

Korido aliijua, ila aliijua ikiwa na watoto na kelele zao. Leo ilimpokea kwa ukimya wa mtu aliyenuna. Ndivyo tulivyo: mahali palipozoea watu pakikosa watu, tunapajaza wenyewe kwa mawazo, wala hatupajazi malaika. Akaingiza mguu, akautoa.

"Baba Mapacha," mkewe akaita toka getini, "mama keshafika kituoni."

"Mke wangu," akanguruma shujaa, "vita havina pupa. Naupima uwanja."

"Upime ukitembea."

Basi shujaa, mtu wa malezi mema, akabisha: "Hodi!" Na kutoka kule mwisho sauti nzito ikajibu: "Hodi!"

Nywele zikamsimama. Angeitikiwa "Karibu," sawa. Lakini nani huyu naye anayebisha hodi, na anataka kuingia wapi? Aliogopa, tena sana, mgongo ukaganda ukutani. Hata hivyo hakulelewa kumwacha mtu na hodi yake mdomoni. Akakusanya pumzi ya ukoo mzima, akasema, "Karibu."

Na korido ikamjibu, kwa upole kabisa: "Karibu."

Mtu akishakaribishwa afanyeje? Akaingia kifua mbele, akiisalimia milango kulia na kushoto, akaitwaa chupa, akatoka kwa mbio ambazo sisi wapambe wake tunaziita mwendo wa ushindi.

"Nimekusikia ukiongea," mkewe akasema, akiipangusa chupa vumbi. "Nani amekukaribisha humo?"

"Mwenyewe," akajibu shujaa.

Na iandikwe kwa wino usiofutika: siku hiyo, jua likiwaka, mtu mzima mwenye ndevu alikwenda ofisini kwake peke yake, na akarudi.