Kahawa Baridi Iliyoahirisha Kesi

Jumatatu, 3 Februari

Siku ya tatu bila mke. Nimekula mkate mkavu nikiwa nimesimama. Nyumba imetulia mno, hata saa ya ukutani inaniudhi.

Niandike ukweli, maana hapa hakuna anayesoma. Mke wangu ni karani wa mahakama. Kila siku saa saba mchana hurudi nyumbani kula, na mimi humtengenezea glasi ya kahawa baridi. Barafu naileta kwa ndoo kutoka karakana yangu. Mimi ni fundi friji. Friji la nyumbani lilikufa zamani, sijapata nafasi ya kulitazama. Kinyozi hajinyoi.

Miezi miwili iliyopita daktari akamkataza maziwa. Akaanza kutumia ya soya, ya pakiti. Nikayaonja. Chaki! Nikajiuliza: mtu amekunywa maziwa miaka thelathini na tisa, tumbo lake limejuaje ghafla kwamba hayafai? Nikashuku kinachoumwa ni kichwa, si tumbo. Basi Ijumaa nikamimina maziwa ya ng'ombe ndani ya pakiti ya soya. Jaribio tu. Kitaalamu kabisa. Akanywa yote, akanisifu kwamba leo nimepatia. Nikamsindikiza mlangoni nikitabasamu.

Dakika arobaini baadaye, akiwa anasoma mashtaka mbele ya hakimu, alifunga jalada akatoka mbio. Kesi ya wizi wa baiskeli imeahirishwa hadi mwezi ujao. Nasikia aliyefurahi ni mshtakiwa peke yake.

Jioni akaikuta pakiti ya maziwa kwenye pipa la taka. Alikuwa na maswali matatu. Nilikiri kwenye la pili. Hakupiga kelele, na hapo ndipo nilipoogopa. Alisema tumbo litapona, lakini yeye aliniambia anaumwa na mimi nikaenda kutafuta ushahidi. Akabeba begi, akaenda kwa mama yake, mitaa mitatu kutoka hapa. Jumapili ijayo mdogo wake atakuja na pikapu kuchukua kabati lake la nguo. Kabati likiondoka, ndoa imeondoka. Nina siku sita.

Mpango: nimtengenezee kahawa baridi isiyo na tone la maziwa, nzuri kiasi kwamba atasahau yaliyopita. Kuomba msamaha kwa maneno ni njia ndefu. Mimi ni mtu wa vitendo.

Jumanne, 4 Februari

Tui la nazi! Nazi nimeikuna mwenyewe, pamoja na ngozi ya kidole gumba. Tui zito, kahawa kali, sukari, barafu tele, vyote ndani ya chupa ya chai. Nikatembea mitaa mitatu kwenye jua nikiwa nimeikumbatia kama mtoto mchanga.

Nilisahau jambo ambalo fundi friji hana ruhusa ya kulisahau. Mafuta yakikutana na baridi huganda. Mama mkwe alipomimina, vikatoka vipande vyeupe vikielea juu. Akaniuliza kwa upole kama nimewaletea mishumaa.

Na Aproni alikuwepo. Huyo ni shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, mhudumu wa baa hotelini. Jina nimempa mimi, kwa sababu huvaa aproni hata nyumbani kwa mama yake. Akamtengenezea dada yake kahawa baridi mbele yangu. Nyeupe, laini, na akaapa haina maziwa. Akachomeka mrija. Mke wangu akanywa taratibu huku akinitazama, hadi mrija ukakoroma. Nikauliza hayo meupe ni nini. Aproni akasema ni siri ya kazi. Siri ya kazi! Mtu ambaye kazi yake ni kukunja vitambaa vya mezani viwe na umbo la bata!

Mke wangu aliniaga kwa kuniita Fundi. Akiniita hivyo, mambo ni mabaya.

Jumatano, 5 Februari

Mfa maji haachi kutapatapa. Asubuhi nimekwenda kwa mama mkwe na begi la vifaa, mke wangu na Aproni wakiwa kazini. Nikamwamkia. Nikamwambia tangu jana nimesikia friji lake likitoa mlio wa hatari, na kama mkwe mwema nitalikagua bure. Akasema yeye hasikii mlio wowote. Nikamwambia hiyo ndiyo hatari yenyewe.

Ndani kulikuwa na jagi. Nikachovya kidole, nikaonja. Korosho! Zimelowekwa, zikasagwa, basi. Ningeishia hapo ningekuwa shujaa. Lakini nikawaza: Aproni bila barafu ni nani? Nikang'oa themostati, kidude kinachoongoza baridi, nikaitia mfukoni, nikasema naenda kuipima.

Saa kumi jioni nikaitwa. Nyama ya mama mkwe inanuka, samaki wamelegea, na jikoni kuna dimbwi. Mke wangu alikuwa ameketi, bado amevaa nguo za kazini. Aliuliza swali moja tu: nilipolifungua friji, lilikuwa likifanya kazi? Nikaanza kueleza habari za umeme mdogo na vumbi. Akarudia swali lilelile, neno kwa neno. Nikakiri.

Nimeirudisha themostati nikiwa nimepiga magoti. Mama mkwe alinishikia tochi. Muda wote alinimulika machoni.

Alhamisi, 6 Februari

Ushindi! Halafu si ushindi.

Korosho nilizoloweka jana zimesagika laini, hata kuchuja hakukuhitajika. Kahawa nayo niliiloweka kwenye maji baridi usiku kucha, asubuhi nikaichuja kwa kitambaa safi. Haina uchungu wa kukunja uso. Na hapa nimemzidi Aproni: barafu nimeigandisha kwa kahawa yenyewe, ili ikiyeyuka isikifanye kinywaji kuwa maji ya kuoshea vikombe. Nikaonja. Ikabidi nikae chini. Sijawahi kujipenda vile.

Vyote hivyo vilikuwa ndani ya friji la Mwalimu. Mwalimu Mkuu mstaafu aliniletea friji lake siku kumi na mbili zilizopita. Lilipona siku ya pili. Lakini karakana nzima hakuna linalogandisha kama lile, kwa hiyo kila akipita namwambia bado liko chini ya uangalizi. Leo hakupita. Leo amekuja na mkokoteni.

Akafungua mlango. Akakuta majagi mawili, trei nne za barafu na chakula changu cha mchana. Akauliza kama huu ndio uangalizi. Nikamwambia friji halipimwi likiwa tupu. Akajimiminia glasi, akainywa yote amefumba macho, akanipa alama sitini na mbili. Sukari imezidi, alisema, na mwanafunzi ni mjanja kupita akili yake. Kisha akaagiza friji lipakiwe kama lilivyo, maana kilichomo ndani ya friji lake ni chake.

Nilisimama mlangoni nikiangalia barafu yangu ikikata kona.

Ijumaa, 7 Februari

Mafriji yaliyobaki karakana ni wagonjwa wa kweli. Limebaki la nyumbani. Nimelivuta kutoka ukutani nikijiandaa kwa kazi ya siku nzima. Nikaandaa gesi, mitungi, kompresa ya akiba. Nikaanza na plagi kwa kutimiza wajibu tu. Fyuzi imekatika. Nikabadilisha. Likanguruma.

Dakika sita, pamoja na kutafuta bisibisi.

Friji hili limekaa kimya mwaka mmoja na miezi miwili. Siku lilipozimika, mke wangu aliniambia ameona cheche kwenye plagi. Nikamjibu tatizo ni yeye, anafunga mlango kwa nguvu. Ikapita hivyo. Yeye akawa anatia nyama chumvi isiharibike, mimi nikawa nabeba ndoo ya barafu kila mchana nikijiona mume wa mfano.

Nimekaa kwenye sakafu ya jikoni nikisikiliza mngurumo. Nimeona aibu, aibu hasa. Na nimemkumbuka. Si kwa sababu ya kupikiwa, maana hata mimi napika. Namkumbuka anavyonisimulia kesi za watu wakati wa chakula akibadilisha sauti, hakimu sauti nene, shahidi sauti ya puani. Wiki nzima sijui nani kamshtaki nani.

Jumamosi, 8 Februari

Nimemtumia ujumbe kwamba nina kahawa ya korosho, safi, na kwamba naweza kuileta saa yoyote. Jibu: hanywi tena kitu kutoka mkononi mwangu ambacho hakukiona kikitengenezwa.

Ana haki. Nimekubali kabisa. Kwa dakika kumi hivi.

Halafu nikafikiria kutoa upepo kwenye matairi ya pikapu ya Aproni. Nikaenda hadi pale. Imeegeshwa mbele ya duka la vinyozi, mchana kutwa kuna watu. Nikarudi. Kwa hiyo nimeamua kuwa mkweli, kwani hakuna njia nyingine iliyobaki.

Nimeloweka korosho. Nimeloweka kahawa. Trei za barafu ziko ndani ya friji letu.

Jumapili, 9 Februari

Pikapu imefika saa nane mchana. Aproni akaenda moja kwa moja chumbani. Mke wangu akasimama sebuleni kama mgeni, hata mkoba hakuuweka chini. Nikamwomba nusu saa, na nikamwomba akae jikoni aone kila kitu.

Akaja. Akavuta kiti. Akataka kuona bakuli la korosho, akachukua moja akaitafuna. Akanusa kahawa. Akakagua blenda, akaniamuru niioshe tena. Nikaiosha. Nikasaga, nikamimina, nikimwonyesha kila hatua kama kielelezo mahakamani. Glasi ilipokuwa tayari, akamwita mdogo wake, ambaye tumbo lake nalo hukataa maziwa, na kumwambia anywe yeye kwanza. Aproni akanywa. Tukasubiri dakika arobaini kwa saa ya ukutani, sisi watatu. Kabati lilikuwa tayari limefika koridoni.

Aproni hakukimbia popote. Aliomba nyingine, na akakiri kwamba ile barafu ya kahawa hajaiona hata hotelini. Nimeliandika hilo hapa ili lisipotee.

Mke wangu akanywa. Akauliza barafu imetoka kwa nani safari hii. Nikasema kwetu. Akageuka, akafungua friji, akasimama mbele ya ule ubaridi muda mrefu. Akauliza lilikuwa na tatizo gani. Nilikuwa nimeandaa uongo mzuri wa siku mbili, wenye kompresa ndani yake. Lakini alikuwa ananitazama. Nikasema fyuzi ya plagi. Akauliza imechukua muda gani. Nikasema dakika sita.

Nilidhani atalipuka. Akakaa. Akasema mimi simchukii yeye, ila namfanya aishi kama mshtakiwa ndani ya nyumba yake mwenyewe, kila neno lake lazima lithibitishwe. Alisema hilo linamchosha kuliko tumbo. Macho yake yalilowa. Nikamwambia nimekosa, tangu cheche mpaka maziwa, na kwamba nimemkumbuka hadi nimesahau kula. Nilikuwa namaanisha.

Akafikiri. Akasema atarudi kwa sharti moja. Akiniambia jambo, nimwamini mara ya kwanza. Nikaapa, Aproni akiwa shahidi. Kisha akamimina glasi ya pili, saa kumi jioni ile, akaanza kunisimulia kesi ya mtu aliyeshtakiwa na jogoo wa jirani, yaani na mwenye jogoo. Aproni alilirudisha kabati chumbani peke yake. Mimi mgongo ulikuwa unauma.

Jumatatu, 10 Februari

Mke yupo. Nguo zake ziko kabatini. Nimeamka nikiimba.

Wakati wa chai ya asubuhi ameniambia kwamba hakupata usingizi usiku, na kwamba anahisi ni zile glasi mbili. Ameniomba kuanzia leo nimtengenezee kwa ile kahawa iliyotolewa kafeini. Nikamwamini hapohapo. Mara ya kwanza! Sikuuliza swali hata moja. Alinibusu kwenye paji la uso akaenda kazini, na mimi nikaenda dukani mbio nikanunua pakiti.

Sasa niko jikoni na pakiti mbili mezani, ya kawaida na hiyo nyingine. Zina rangi moja. Zina harufu moja. Nimezionja kwa macho yaliyofumbwa, sijaona tofauti. Na nimekumbuka kwamba usiku wa jana kulikuwa na joto, mbwa wa jirani alibweka, na sisi wenyewe tulikuwa na mazungumzo ya siku tisa ya kumaliza. Kahawa inasingiziwa tu, maskini.

Nimebadilisha. Ya kawaida iko ndani ya pakiti mpya. Glasi mbili leo mchana, mbili jioni. Kesho asubuhi anasoma mashtaka ya kesi kubwa, yenye kurasa themanini, kwa hiyo kama ni kweli kahawa humnyima usingizi itaonekana wazi. Jaribio zuri huhitaji mazingira halisi.

Si kwamba simwamini. Namwamini kabisa. Nataka tu kuwa na uhakika.