Skrubu za Kumrudisha Mama Watoto

Jumatatu, 4 Machi

Nimepasuliwa. Mifupa miwili ya wayo wa kulia, niliyoivunja kwa kuanguka kitini nikitundika mapazia, sasa imeshikwa kwa skrubu. Skrubu! Kama bawaba za kabati. Daktari ameniamuru nisikanyage chini kabisa, na mguu ukae juu ya mto. Nimemweleza kwamba nilikuwa mwalimu mkuu na najua maana ya amri.

Mama watoto hayupo. Yuko kwa binti yetu, anamtunza mzazi na kitoto kichanga. Mapazia yale nilikuwa ninamtundikia yeye, ayakute akirudi. Leo amepiga simu, akanipa pole, akasema dada yangu mkubwa atanihudumia. Dada yangu! Mtu anayekoroga uji kama anayepiga lipu.

Nimeamua. Mama watoto lazima arudi. Ugonjwa huu utakuzwa.

Jumatano, 6 Machi

Kitanda cha jirani kina fundi bomba. Naye amevunjika mguu, ila hajapasuliwa. Daktari anasubiri uvimbe upungue. Mguu wake ni wa zambarau, umevimba mpaka unang'aa. Unatisha vizuri sana. Wangu umefungwa plasta nyeupe, vidole vinachungulia kwa adabu. Hauna hoja.

Nimemwomba fundi ruhusa ya kuupiga picha mguu wake. Ameniuliza kama ninataka kuuposa. Sikucheka. Nimeipeleka picha kwa mama watoto bila kuandika neno lolote, kwa hiyo sikusema uongo.

Jibu limefika kabla ya chai. Amesema huo si mguu wangu. Kidole gumba changu, amesema, kimeinama upande kama mtu anayesikiliza maneno ya jirani, na angekitambua hata sokoni. Akaniagiza nimpe pole nyingi mwenye mguu.

Pole nyingi! Mimi nilipewa moja. Fundi amefurahi mno, na tangu hapo ananiuliza kila saa: eti Mzee, shemeji hajapiga?

Hata hivyo ujumbe ule nimeusoma tena na tena. Anakikumbuka kidole changu.

Jumamosi, 9 Machi

Nipo nyumbani, chini ya utawala wa dada. Amenificha magongo ili nisizurure. Nikitaka kwenda msalani nipige kelele, naye huja akilalamika tangu jikoni. Majirani wote wanajua ratiba yangu.

Kitanda ni kipana kupita kiasi. Upande wa mama watoto shuka halina hata kunyanzi. Nimelikunja kidogo kwa mkono, lionekane limelaliwa. Dada amepita, amelinyoosha.

Jioni nimempigia mama watoto kwa sauti dhaifu. Nimesema skrubu zimelegea. Nikijigeuza ninazisikia zikigongana. Ameuliza tangu lini. Kisha amesema ngoja. Moyo wangu umeruka! Huyo anafunga mizigo.

Jumanne, 12 Machi

Hakufunga mizigo. Alimpigia daktari.

Leo nimebebwa hadi hospitali kupigwa eksirei. Daktari ameitazama picha kwenye mwanga, akawaita wenzake wawili waje kuona. Skrubu zimenyooka, mfupa unaunga kuliko alivyotarajia kwa mtu wa umri wangu. Amenipongeza kwa utii. Sijawahi kupewa habari njema iliyonihuzunisha hivyo.

Mama watoto amemshukuru Mungu. Amesema kwa kuwa ninapona vizuri, atabaki huko mpaka mtoto aweze kuketi mwenyewe. Nimemuuliza dada watoto huketi lini. Amejibu kwamba huyu, kama amerithi akili za babu yake, atachelewa.

Ijumaa, 15 Machi

Leo sikuwa na mpango wowote. Naandika hivyo kwa sababu hakuna atakayeniamini.

Dada alikuwa ameanika nguo nje. Juu ya kabati niliona pindo la mtandio wa mama watoto, ule wa kijani, alioulaani siku ya safari kwa kuwa hakuuona. Nilitaka kuunusa tu. Nikasimama. Kwa miguu yote miwili, kama binadamu.

Kitu kimelia ndani ya plasta. Nami nimelia.

Mtandio nimeupata. Nilikutwa sakafuni nimejifunika nao uso. Dada amempigia mama watoto simu na kutumia maneno ambayo siwezi kuyaandika katika shajara ya mtu mzima.

Jumapili, 17 Machi

Skrubu moja ilipinda. Nimepasuliwa tena, nimewekewa nyingine, nene zaidi. Daktari haongei nami.

Lakini mama watoto amekuja! Nilisikia akikohoa koridoni, kile kikohozi cha kutangulia lawama, nikajipangusa uso haraka. Amenisema tangu alipoingia mpaka chakula kilipoletwa. Kwamba mimi ni mzee hovyo. Kwamba mjukuu ana busara kunishinda. Huku ananisogezea mto, ananipanguza jasho shingoni, ananikata kucha. Nimeitikia kila shtaka. Laiti angeanza upya.

Kisha amesema plasta ikikauka tu, anarudi kwa binti yetu.

Ametoka kwenda kuchota maji ya kunywa. Nimemwita muuguzi na kumuuliza, kwa utulivu, kama mtu anayependa tu kuelimika, iwapo mifupa ya mkono nayo hufungwa skrubu.

Amesema hufungwa, tena vizuri sana.