Malalamiko Dhidi ya Skrini Inayosema Sijulikani

Karakana ya Feni, Pasi na Redio,
Mkabala na Kinyozi.

Kwa Mkuu wa Chuo cha Kompyuta,

Mheshimiwa,

Kwanza nikutoe wasiwasi: anayekuandikia si mtu wa kubahatisha. Mimi ndiye ninayejulikana kuliko wote katika mtaa huu, na nikisema mtaa nimejipunguza kwa adabu tu. Feni niliyoitengeneza mwaka ule wa joto kali, ilipowashwa mara ya kwanza ilifungua mlango wa nyumba ya pili na kumvua kofia mtu aliyekaa zake ndani. Mwenye kofia yupo, ukitaka nitamleta ofisini kwako.

Sasa mtu wa namna hiyo ametangazwa HAJULIKANI, kwa herufi kubwa, na aliyemtangaza ni mwanafunzi wako, mpwa wangu, mtoto wa dada yangu wa tumbo moja. Ulimpa kazi ya kumtengenezea mteja programu kwa lugha ya kompyuta iitwayo C, na mteja nikawa mimi. Umeniomba barua ya kusema kama nimeridhika. Najua bila barua hiyo hapati cheti, na bila cheti ile kazi aliyoahidiwa wiki ijayo atapewa mwingine. Dada yangu amenikumbusha hilo asubuhi, mchana, na tena kwenye simu. Lakini haki ni haki. Sijaridhika, na sababu ni hizi:

1. Programu haimjui mwenye nyumba. Kazi yake ni moja tu: kuandika kwenye skrini iliyo kaunta, inayotazama barabara, "Karibu kwa", kisha jina langu na cheo changu. Nilidhani jina limo ndani, limetulia humo kama betri ndani ya redio. Kumbe halimo! Mpwa wangu ameandika getenv, ambayo ni amri ya kwenda kuuliza nje: jamani, MWENYE_KARAKANA ni nani? Majibu hukaa kwenye vinavyoitwa vigeu vya mazingira, yaani maneno unayoyaweka kwenye mashine kabla programu haijawashwa. Yakiwepo, inayasoma. Yasipokuwepo, getenv inarudi mikono mitupu. "Mjomba," akaniambia, "ikirudi mikono mitupu na mimi sikuangalia, programu inaweza kuanguka chali. Ndiyo maana nimeweka neno la akiba." Neno la akiba ndilo hilo HAJULIKANI. Maneno yote haya tuliyonayo, akaliona hilo! Angeandika hata "Bingwa", nani angemshitaki?

2. Watoto wa mashine hawana malezi. Mpwa wangu alinielekeza kwamba kila nikiwasha kompyuta niandike kwanza, kwenye lile dirisha jeusi la amri, mstari mmoja wa export, amri ya kuliweka jina langu kwenye hayo mazingira. Mtu wa hadhi yangu aandike jina lake kila asubuhi kama mtoto wa darasa la kwanza? Nikaona nimsaidie. Nikaandika programu yangu mwenyewe, kwa C hiyo hiyo, nikatia setenv, ambayo ndiyo ya kuweka jina, nikaikompaili, yaani nikaigeuza iwe lugha ya mashine, ikakubali bila kununa. Nikaiwasha. Ikaandika: "Jina limewekwa." Nikajipongeza kwa soda baridi. Nikawasha ile ya mpwa wangu: HAJULIKANI.

Nilipomwita alicheka mpaka akashika kaunta. Eti lile dirisha jeusi ni mzazi, na kila programu inayowashwa humo ni mtoto wake. Mtoto anapewa nakala ya mazingira ya mzazi. Akibadilisha kitu, amebadilisha kwenye nakala yake mwenyewe. Mzazi hana habari, na mtoto wa pili akizaliwa anapewa yale yale ya mzazi. "Programu yako ilijipa cheo, mjomba, ikafa nacho." Mheshimiwa, ni malezi gani hayo mnayofundisha? Mtoto anachukua kila kitu kwa mzazi, halafu akipata jambo la maana hata salamu harudishi! Mimi nikibadilisha namba ya simu namwambia dada yangu, japo huwa najuta.

3. Inaamini kila mtu. Kinyozi wa mkabala alikuja kuchaji simu. Nilipoinama kumtafutia waya, akaandika mstari wake kwenye lile dirisha, akawasha. Skrini ikakaribisha watu kwa "Mzee wa Kesho Njoo" mpaka jioni. Programu haikudai kitambulisho, haikushituka, haikuona hata haya. Mpaka sasa watu wazima wananisalimia, "Kesho Njoo, habari za leo?", na wengine wao feni zao ziko hapa kwangu, ambazo kwa kweli ni za kesho.

4. Imenivua uzoefu. Kuna kigeu kingine, MIAKA_YA_UZOEFU. Nikakijaza kwa unyenyekevu: "thelathini na ushee". Skrini ikaandika, Uzoefu wa miaka 0. Mpwa wangu anasema mazingira yanabeba maandishi tu. Programu ikitaka hesabu inayageuza kuwa namba kwa atoi, na atoi ikikuta herufi mahali pa tarakimu inatoa sifuri. Yaani maisha yangu yote na bisibisi mkononi, sifuri! Hata ule ushee haikuniachia.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, getenv ipigwe marufuku chuoni, hasa kwa wanafunzi wenye wajomba. Pili, mtoto akitumia setenv, habari zimfikie mzazi, na mzazi wa mzazi, mpaka kiwandani kulikotengenezwa mashine. Tatu, kompyuta zote popote ziuzwe zikiwa tayari na jina langu ndani ya MWENYE_KARAKANA, ili programu yoyote, iwe ya hospitali au ya ndege, ikitoka nje kuuliza ikute jibu moja. Mpaka hayo yatimie, cheti cha mpwa wangu kikae kabatini kwako.

Nisalimie walimu wote, mlinzi wa getini aliyenizuia siku ile akidhani nauza pasi, mpishi wa wanafunzi, na yeyote chuoni ambaye feni yake inapiga kelele.

Ni mimi nisiye na kinyongo,
Mkurugenzi Mkuu, Bingwa wa Feni na Mshauri wa Pasi,
Mjomba wa mwanafunzi.

Nyongeza: Sijafunga bahasha, mpwa wangu akapita. Nikamsomea barua. Hakukasirika. Aliuliza tu, kwa sauti ile ile ya mama yake, kama nimeandika pia kwamba mwanzoni jina lilikuwa ndani ya programu, kama nilivyotaka mwenyewe. Nilikuwa Fundi. Nikawa Fundi Mkuu, kisha Mkurugenzi, na kila nilipojipandisha cheo alilazimika kuja kutoka chuoni kukompaili upya. Ndipo akalitoa jina nje, niwe napanda bila kumwita. Hilo sikuliandika, karatasi ilikuwa inaisha. Akafungua faili linalosomwa kila dirisha jeusi linapofunguliwa, akaandika humo mstari wake wa export, akaenda zake. Toka hapo skrini inanitaja na vyeo vyangu vyote. Basi mpe cheti, Mheshimiwa, mpe leo hii.

Ila kuna kajambo. Skrini iliposema HAJULIKANI watu waliingia kucheka, na wakishacheka walikuwa wanaona haya, wanaacha pasi nizitengeneze. Toka ianze kunitaja, wanasoma, wanatikisa kichwa, wanapita. Nimeona afadhali nisijulikane. Nimeandika programu nyingine ya kuliondoa jina, nimetia unsetenv, ndugu yake setenv, yeye kazi yake kufuta, nimeiwasha. Imeandika vizuri kabisa: "Jina limeondolewa."

Jina bado lipo. Mwambie akishachukua cheti apite huku.