Mkwe Wangu, Mshambuliaji wa Kati

Jumatatu, 13 Februari 1922
Mashindano ya kandanda ya Korea nzima yanaanza keshokutwa hapa Seoul. Katibu wa timu ya Suwon ni nani? Mimi, Gu Pil-do! Heshima iliyoje!

Tatizo, timu mbovu. Na mkwe wangu, Mzee Tak, amesema mbele ya mke wangu, bintiye: nikirudi bila kombe, ukatibu basi, nirudi ghalani kwake kuning'iniza matofali ya soya iliyopondwa yavunde kwa ajili ya mchuzi. Ile harufu? Sirudi ng'o!

Nimesoma kanuni zote. Wazee hawakukatazwa popote. Akili ni mali.

Jumatano, 15 Februari
Mkwe amecheza! Nilimwambia ni kutembea tu uwanjani, vijana wamsalimie. Akaingia na kofia yake ya singa za farasi, kiko mkononi, mpira mguuni, mdogo mdogo. Nani amnyang'anye mzee wa miaka sabini? Vijana wa Incheon wakampisha mmoja mmoja. Kipa akainama kumwamkia. Bao! Refa akataka kuleta maneno. Mkwe akamuuliza yeye ni mtoto wa nani. Refa akapuliza filimbi: bao halali.

Ma Seok-du, katibu wa Kaesong, alikuja kunipongeza, uso umemvimba. Akauliza mkwe ni Tak wa wapi. Nikamtajia ukoo mzima mpaka makaburini. Wivu tu, maskini!

Ijumaa, 17 Februari
Tuko fainali! Mkwe kafunga matatu. Sasa anataka mabeki wamletee chai.

Jumapili, 19 Februari
Msiba!

Fainali, Kaesong wamemwingiza kijana, Bong-chul, hata ndevu hana. Nikacheka. Mkwe akamuuliza jina la baba yake. Akajibu. Mkwe akabadilika rangi. Kumbe ni Tak mwenzake, mtoto wa uzeeni, na kwa ukoo ni babu yake mdogo! Ma alikuwa akimsaka tangu Jumatano.

Mkwe akapiga magoti mbele ya lango letu, paji la uso kwenye barafu. Kisha akaokota mpira, akamkabidhi babu kwa mikono miwili, kama adabu inavyotaka. Ameunawa! Penalti!

Nikamfokea kipa wetu azuie. Mkwe akamfokea zaidi: "We mtoto! Unamzibia babu njia?" Kipa akasogea pembeni. Wametufunga saba, yote kwa adabu.

Ma akanipitia na kombe kifuani. "Pil-do ndugu yangu, ahsante kwa ukoo." Mshenzi! Nilitamani ardhi inimeze.

Jumanne, 21 Februari
Ghalani. Nanuka mpaka nyusi. Mkwe ana raha zake, amempata babu. Wako ndani wanakula kuku. Nimewapelekea supu mwenyewe, nikapiga magoti kwa yule kinyangarika.

Nimesema basi. Kandanda na mimi tumeachana. Kabisa.

Alasiri
Mama mkwe kaja ghalani na habari. Baba yake Bong-chul ana baba, mzee wa miaka tisini huko Icheon, si Incheon, na mke wake mdogo amejifungua mtoto wa kiume! Ana wiki mbili. Yaani Bong-chul ni lazima ampigie magoti baba yake mdogo!

Nimeacha soya zinaning'inia upande mmoja. Natoka sasa hivi kwenda Icheon na kamba ya kumpima kichanga miguu. Mwakani huyo ndiye kipa wetu, na nione nani atathubutu kumpigia shuti.