Uzinduzi wa Sataranji Bariadi

Kamati ya Uratibu wa Michezo ya Kukaa, yenye makao yake Bariadi, inautangazia umma kwamba mchezo wa sataranji sasa upo rasmi mkoani Simiyu. Kabla ya hapo ulikuwa ukichezwa tu.

Aliyekuwa akiucheza bila uratibu ni Benadetha Masunga, binti wa wachuuzi wa samaki wa Lamadi. Aliacha biashara ya sato, akapanga chumba Bariadi, na kwa miaka mitatu amefundisha sataranji mtandaoni kwa simu iliyofungwa kwenye mguu wa stuli. Ndiyo kazi yake pekee. Ana wafuasi elfu arobaini. Kamati, ambayo mimi ni Katibu wake, ina wajumbe tisa na mhuri.

Tulimwita ofisini kwa hoja mbili. Kwanza, kila video huanza na "Mwangaluka", salamu ya kwetu ya asubuhi, ilhali watu huitazama hata jioni. Hiyo ni taarifa isiyo sahihi. Pili, katika video sitini na moja mfalme alikosa pa kukimbilia, hadharani. Mwenyekiti wetu, Mheshimiwa Kasmiri Mayige, alimweleza kwamba chaneli itafungwa, isipokuwa kama itazinduliwa upya, naye mgeni rasmi acheze. Mgeni rasmi angekuwa Mwenyekiti.

"Shikamoo, Mheshimiwa," alisema Benadetha. "Sheria za mchezo unazijua?"

"Binti, sheria natunga mimi."

Benadetha alisaini masharti tisa. La saba niliandika mwenyewe: shughuli irushwe mubashara, na video ya mgeni rasmi isikatwe wala kuondolewa na mtu yeyote, hata Kamati, kwa miaka mitano. Mwaka jana, kwenye uzinduzi wa choo cha soko, mpiga picha alimkata Mwenyekiti kichwa.

Siku ilipofika Mwenyekiti alipewa vipande vyeupe, kwani mweupe ndiye huanza. Aliutazama ubao, hakuridhika.

"Askari wamemziba kiongozi hivi, wananchi watamwonaje?"

Akamsogeza mmoja hatua moja. Benadetha akamsogeza askari aliyesimama mbele ya mfalme wake. Mwenyekiti akamsukuma askari wa pili hatua mbili, akisema msafara hutanguliwa na ulinzi. Wajumbe wakapiga makofi.

"Una uhakika, Mheshimiwa?"

"Cheza, usinipangie."

Malkia wa Benadetha akaukata ubao kwa mshazari, akatua pembeni.

"Mfalme wako amekwisha."

Ratiba ilikuwa imetenga saa mbili na chai. Wajumbe waliendelea kupiga makofi, wakiamini ni sehemu ya itifaki.

Mwenyekiti aliagiza video iondolewe. Benadetha akamsomea sharti la saba, polepole, simu ikirekodi. Mwenyekiti akageuka kunitazama. Mhuri kwenye karatasi ya masharti ulisomeka vizuri. Nilikuwa nimeukandamiza kwa mikono miwili.

Hadi jana video ilikuwa imetazamwa mara laki sita. Kijiweni Lalago, mtu akifungwa drafti haraka huambiwa amezinduliwa.

Jumanne Mwenyekiti alikwenda kwa Benadetha kumwomba wakae wayazungumze. Akakuta wanafunzi kumi na wawili. Akaelekezwa kwenye benchi asubiri zamu. Alifika saa tatu asubuhi. Zamu yake ilifika saa kumi na moja na nusu jioni.

"Mwangaluka, Mheshimiwa," alisema Benadetha.

Mwenyekiti akatazama saa yake. Kisha akaitikia.